Nyuma ya Kibao cha Mbwa Mkali: Vidokezo 12 vya Kufuga Mbwa Mjini

Pita mtaa wowote wa Mbezi, Goba au Tabata jijini Dar es Salaam, hutakosa geti lililoandikwa kwa rangi nyekundu MBWA MKALI. Nyuma yake, mara nyingi, kuna mnyama aliyefungwa kwenye mti tangu asubuhi, sufuria lake la maji limepinduka, na mwenye nyumba analalamika kwamba mbwa huyu hana akili. Akili anazo; alichokosa ni mtu. Wengi wetu tunanunua mbwa kama tunavyoweka seng'enge juu ya ukuta, kisha tunashangaa seng'enge inaugua, inazaa, inachimbua bustani na kubweka saa tisa usiku. Vidokezo hivi ni kwa anayetaka kufuga mbwa bila kumtesa na bila kukosana na mtaa mzima.

1. Muulize dada kabla hujauliza bei

Baba ndiye anayemleta mbwa, watoto ndio wanaompa jina, lakini anayempikia na kushinda naye ni dada wa kazi. Kama dada anamwogopa, chakula kitasukumwa kwa fimbo na maji yatakuja siku mtu akikumbuka. Kaeni mkubaliane: nani anapika, nani anasafisha banda, nani anabaki naye mkienda Moshi au Bukoba kula sikukuu. Kama umepanga, mwenye nyumba ajue mapema, asije akasikia kilio cha mbwa kabla hajasikia habari zake. Mbwa anayetunzwa huishi miaka 10 hadi 13 hivi. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na mbwa bado yupo, amekuwa mzee wa nyumba.

2. Usinunue manyoya

Siku hizi watoto wa mbwa wanauzwa barabarani ndani ya boksi, weupe, wamefura manyoya, na muuzaji anakuapia kwamba ni wa kizungu halisi. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema ulimi nje, na jasho lake kidogo hutokea kwenye nyayo tu. Sasa mchukue mbwa aliyeumbwa kuvuta sleji kwenye theluji, umweke Dar es Salaam mwezi wa pili, tena kwenye uzio wa mabati. Wale wa pua fupi nao hali yao si nzuri, maana hata kuhema kwenyewe kunawapa tabu.

Mbwa wetu wa kienyeji, huyu tunayemwita koko kwa dharau, amezoea joto hili vizazi na vizazi, hana makuu kwenye chakula, na akilelewa vizuri ni mlinzi usiyemdhania.

Yeyote utakayemchagua, mwombe muuzaji umwone mama yake, na usimchukue mtoto kabla ya wiki 8. Wa wiki nne bado ananyonya, tena kwa ndugu zake ndiko anakojifunza kwamba kung'ata kunauma. Asipong'atwa na wenzake, atakuja kujifunzia kwa wanao.

3. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na sehemu kubwa yao ni watoto. Karibu kila mgonjwa aliupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa ya kumrudisha. Lakini kinga ipo, na ni sindano moja kwa mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha inarudiwa kila mwaka. Omba cheti, kiandikwe tarehe, ukitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Kama unadhani daktari ni wa matajiri, muulize ofisa mifugo wa kata yako. Kampeni za chanjo ya bure au ya bei nafuu huwa zinafanyika, na nyingi huangukia karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ndiyo tarehe aliyofariki mwanasayansi Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya chanjo yake ya kichaa cha mbwa kutumika kwa binadamu. Wataalamu wanasema mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hili si la kwenye makaratasi tu. Kisiwani Pemba kampeni zilirudiwa mwaka hadi mwaka, ugonjwa ukatoweka, ukaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, ukafutwa tena kwa chanjo.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: mbwa mwenye kichaa si lazima awe anakimbiza watu mtaani. Wapo wanaonyamaza. Mbwa mkali anakuwa mpole ghafla, mpole anakuwa mkali, sauti inabadilika, mate yanamtoka, taya linalegea na kumeza hawezi. Hapo mwenye mbwa anasema, "Amekwamwa na mfupa huyu," anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Usiingize mkono. Mfungie mahali, piga simu kwa daktari wa mifugo.

4. Akimng'ata mtu: sabuni kwanza, maneno baadaye

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 bombani ni ndefu kuliko unavyofikiri. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu, hata kama mng'atwaji ni mtoto anayesema hajaumia. Usipake pilipili, majivu, kahawa wala manyoya ya mbwa huyohuyo. Chanjo ya mtu aliyeng'atwa hutolewa kwa awamu, na asiyemaliza awamu zake hajajikinga.

Na mbwa asiuawe kwa hasira. Kama anajulikana, afungiwe aangaliwe siku 10; akizimaliza akiwa mzima, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Ila sindano za mng'atwaji zisisubiri siku hizo. Gharama za matibabu, mwenye mbwa, ni zako. Usianze kuuliza mtoto alikuwa anafanya nini karibu na geti.

5. Watoto wa mbwa na kuharisha damu

Parvo. Mtoto wa mbwa anagoma kula, anatapika, kisha anaharisha damu yenye harufu ambayo ukishaikuta mara moja utaitambua siku zote. Akicheleweshwa siku mbili, mara nyingi hayupo. Ina chanjo yake tofauti na ile ya kichaa, inaanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Virusi vyake vinadumu kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo kama mmoja amekufa, usimweke mwingine kwenye banda lilelile mwezi unaofuata.

6. Chakula: unga ulioharibika si wa mbwa

Mbwa wengi wa mjini wanakula ugali na dagaa, na sina ugomvi nao. Dagaa waoshwe mchanga na chumvi, ugali upoe, ongeza mafuta kidogo, maboga au mchicha, na maini pale buchani yanapopatikana kwa bei ya kueleweka. Chakula cha mfuko ni kizuri kwa mwenye nacho, lakini kisikufanye umdharau anayepika.

Ugomvi wangu ni huu: gunia la mahindi likipata unyevu, likaota ukungu, utasikia, "Haya sagisheni, mtapikia mbwa." Ukungu huo unatoa sumukuvu. Ndiyo iliyoua watu katika vijiji vya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Inakula ini. Mbwa anakosa hamu ya kula, macho na fizi vinakuwa vya njano, anatapika, na watu wanasema amelishwa sumu na wezi. Sumu ilitoka stoo. Kupika hakuiondoi. Hayo mahindi ni ya kutupa.

Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka na kuwa kama sindano, iache. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu damu yake, kwa hiyo masalia ya mchuzi na rosti si zawadi. Chokoleti, zabibu na makadamia pia mwepushe. Wa Murang'a na Embu kule Kenya, wenye miti ya makadamia uani, wafunge mfuko vizuri siku ya mavuno. Dawa za binadamu za maumivu, diklofenaki na aibuprofeni, zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo. Mbwa akichechemea, usimpe kidonge cha bibi.

Maini na mapafu kutoka machinjioni vichemke mpaka viive. Vikiliwa vibichi vinaweza kumpa mbwa tegu anayeishi kwenye utumbo wake, na mayai ya tegu huyo yakimwingia binadamu anaota vivimbe vya maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, wamehangaika na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Kuchemsha nyama na dawa ya minyoo kila miezi mitatu kunakata njia hiyo.

Na maji. Sufuria zito lisilopinduka, kivulini, libadilishwe asubuhi na jioni. Basi.

7. Mnyororo haufundishi ulinzi

Wapo wanaoamini kwamba mbwa akifungwa mchana kutwa anakuwa mkali usiku. Anakuwa mkali kweli, ila kwa kila kitu: paka, jani la mnazi, muuza maziwa, mtoto wako mwenyewe aliyefuata mpira. Mbwa anayebweka kila saa hasikiki tena, na mwizi anajua hilo kabla yako. Mlinzi mzuri ni yule anayejua nyumba yake, nani anaingia saa ngapi, na sauti ipi si ya hapa. Hayo atayajuaje akiwa kwenye mita mbili za mnyororo?

Kama uzio haujakamilika na huna budi kumfunga, tandika waya mrefu kati ya nguzo mbili, uingize pete, kamba yake iteleze kwenye pete. Atakwenda na kurudi bila kujinyonga. Banda liinuliwe juu ya ardhi kwa matofali au mbao, lisielekee mvua inakotokea. Mtembeze asubuhi kabla ya joto. Mbwa aliyechoka hachimbui bustani. Na shingo yake ikaguliwe kila wiki, hasa akiwa anakua. Nimeona mkanda uliofungwa mbwa akiwa mdogo ukazama ndani ya nyama, manyoya yameufunika juu, na wenye nyumba wanashangaa harufu inatoka wapi. Vidole vyako viwili vinapaswa kupita kati ya mkanda na shingo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa hata kama ni wako na umemnunua kwa hela yako.

8. "Usiogope, haumi!"

Sentensi hii ipigwe marufuku. Mgeni yuko juu ya boneti ya gari, mbwa yuko chini anang'aka, na wewe uko mlangoni na kanga unasema haumi. Hajakung'ata wewe, ambaye ndiye unayempa ugali. Mtu akipiga hodi, mbwa afungiwe kwanza, geti lifunguliwe baadaye. Msoma mita, mleta gesi na balozi wa nyumba kumi hawakuja kupima imani.

Watoto wa nyumbani wafundishwe mambo matatu: mbwa akila asiguswe, akilala asirukiwe, akiwa na watoto wake asisogelewe. Wa jirani wafundishwe kwamba wakikutana na mbwa wasikimbie. Wasimame, mikono chini, wasimkazie macho. Mbwa anayefukuza bodaboda si kichekesho, siku moja atamwangusha dereva na abiria wake mgongoni.

9. Jirani Muislamu, na heshima ya kawaida tu

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Sasa fikiria Mzee wa watu ametoka kutawadha, kanzu imepigwa pasi, anakwenda Ijumaa, na mbwa wako anamrukia kwa furaha na pua iliyolowa. Umemrudisha nyumbani kuanza upya, na swala haimsubiri. Mshike mbwa wako kamba fupi mnapopishana, umpeleke upande wa pili wa njia. Salimia. Ukiita bajaji, sema mapema kwamba una mbwa. Dereva akikataa usimnunie.

Lakini tusizidishe pia. Dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na kisa cha mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake kinajulikana madrasa zote. Wafugaji Waislamu wapo, wenye vyombo vya mbwa vya pembeni na banda mbali na mahali pa kuswalia. Anayempiga mawe mbwa wa jirani kwa kisingizio cha dini atafute kisingizio kingine. Hata ile methali ya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini inamsema mtu asiyejua mipaka, na mipaka ya mbwa anaiweka mwenye mbwa.

10. Kinyesi, na mifuko ambayo hatuna tena

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo ule ujanja wa kwenye filamu za Marekani hautufai sana. Chukua gazeti la jana au koleo dogo la bustani. Nyumbani chimba shimo mbali na kisima na mboga, funika kwa udongo kila unapotupa. Ukienda naye ufukwe wa Coco Beach alfajiri, zoa. Minyoo ya safura ya mbwa huanguliwa mchangani, inaingia kwenye ngozi ya mtu aliyevua viatu, na inatembea chini kwa chini ikiacha mstari mwekundu uliopindapinda, unaowasha mpaka mtu halali. Mtoto anayejengea nyumba ya mchanga pale ni wa mtu.

11. Kupe, viroboto na nzi wa maembe

Kila jioni pitisha vidole masikioni, kwapani na katikati ya kucha. Kupe wanapenda hapo. Mbwa akilegea, fizi zikapauka, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, hiyo ni homa ya kupe na haitaki kusubiri Jumatatu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipimwe kwa jicho; mbwa hujilamba, na kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua.

Msimu wa mvua utaona vijipu vyenye kitundu katikati, na ukitazama kwa makini kitundu kinapumua. Ndani kuna buu wa nzi wa maembe, ambaye hutaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi. Paka mafuta mazito ya mgando kuziba tundu, buu akikosa hewa anajitokeza, ndipo umminye taratibu atoke mzima. Banda lifagiliwe, matandiko yaanikwe juani. Na hizo nguo za watoto zilizoanikwa nje zipigwe pasi mpaka kwenye mishono, maana nzi ni yuleyule.

12. Kizazi, kabla hakijafika jalalani kwenye kiroba

Jike hupata joto mara mbili kwa mwaka hivi, na kila mara ni kama wiki tatu za madume ya mtaa mzima kulala getini kwako. Mimba ni miezi miwili na siku kadhaa. Ukizembea unaweza kuwa na watoto kumi na zaidi ndani ya mwaka, na hao rafiki zako waliosema watachukua mmoja mmoja ghafla wote wamesafiri. Mwisho wa hadithi hiyo ni kiroba kinachoachwa jalalani alfajiri, tunajua sote. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi jike, au kumhasi dume, kuanzia miezi sita hivi. Hahitaji kuzaa kwanza ndipo apate afya. Hayo ni maneno ya vijiweni. Dume aliyehasiwa hasahau kulinda, anapunguza tu kutoroka na kupigana, na kwa hiyo anarudi na masikio yote mawili.

Kama huwezi gharama hiyo sasa, mfungie jike chumbani au kwenye banda lenye mlango na wavu hadi joto lipite. Ukuta peke yake haumzuii dume aliyeamua.

Mwisho, fungua simu yako sasa hivi uhifadhi namba tatu: ya daktari wa mifugo anayepokea usiku, ya dereva wa bajaji asiyeogopa mbwa, na ya jirani mwenye ufunguo wa ziada. Ya kwako iandikwe kwenye mkanda wa mbwa kwa wino usiofutika kabla ya Desemba 31, kwa sababu fataki za saa sita usiku zinawatoa mbwa juu ya kuta ambazo wezi wameshindwa kuzipanda.